Shida Tulizokuchangia

Mwambani, Ngumbo
4 Aprili 2023

Zita,

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira itaacha nafasi. Nimepanda kilima cha zahanati mara sita kutafuta mtandao nikupigie, na mara sita simu imeita mpaka ikachoka. Basi nakuandikia. Karatasi huwezi kuikata. Nimempa Alex, konda wa basi la Mbinga, akukabidhi mkononi, asiiache getini kwa walinzi.

Jumatatu ya wiki iliyopita lilikuja gari jeupe la Chuo chako. Wakashuka vijana wanne, wahitimu wote, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Wakachimbia nguzo za uzio kuanzia kwenye mwamba mkubwa mpaka kijito kinapoingia ziwani. Maana yake ufukwe wote tunaoanikia usipa. Kiongozi wao anaitwa Lusekelo, kijana wa Mbeya, ana adabu zake. Nikamuuliza wanajenga nini. Akaniamkia vizuri, akasema ni Kituo cha Kisasa cha Kukaushia Samaki. Nikamwambia sisi tunakausha tangu bibi zetu na hatujakwama. Akasikitika, nikamwona kabisa anasikitika, akafungua faili akanisomea.

"Asilimia mia moja ya wanawake wa Mwambani huanika usipa moja kwa moja mchangani, penye kinyesi cha mbuzi na kuku. Watoto wengi huharisha. Wanawake hawana uelewa wa usafi wa chakula." Chini yake jina: Zita P. Haule.

Nikamwambia arudie jina. Akarudia.

Tangazo limebandikwa ofisi ya kijiji. Kuanzia tarehe mosi Juni, ni marufuku mtu kuanika usipa ufukweni. Wavuvi watauza usipa mbichi kituoni, wahitimu ndio watakaokausha na kufungasha. Tarehe 19 Mei mkutano mkuu wa kijiji utapitisha kuwapa Chuo ufukwe. Wewe umesoma, lakini hili hata asiyesoma analijua: hapa mtumbwi ni wa mwanaume, chanja ya kuanikia ni ya mwanamke. Ukimwondolea mwanamke wa Mwambani chanja, anabaki na ndoo kichwani na mkono wa kuomba.

Bado hujamaliza. Kalenda ya Chuo imetufikia, imetundikwa zahanati. Mwezi wa Julai kuna picha ya Ida, mtoto wa Avelina, ameshika kidole mdomoni, na maneno chini yake, "Mmoja wa watoto wanaoathirika." Ida hajaugua tangu azaliwe. Avelina amekaa mbele ya kalenda ile mpaka nesi akamwomba aende nyumbani.

Sisemi Chuo ni kibaya. Violet anayefundisha hisabati sekondari ya kata ametoka huko huko, na watoto wanamwelewa. Ndiyo maana naumia zaidi. Umekula usipa wangu tangu ulipoota meno. Uliwahi kutafuna mchanga?

Nani alikwambia maneno haya? Nataka jina.

Shangazi yako,
Serafina


Mbinga
12 Aprili 2023

Shikamoo Shangazi,

Pole na uchungu, na Pasaka njema ingawa imepita. Simu zako niliziona. Nilifikiri unanipigia kunilaumu kwa kutokuja kwenye arobaini ya babu, nikawa naahirisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara inaniuma mahali papya. Unaniandikia kana kwamba nilikaa chumbani nikatunga matusi. Shangazi, unataka jina, basi nitakupa. Jana nimekwenda stoo, nimeyafungua madodoso yote arobaini na nane. Dodoso la kwanza: Serafina Haule, umri miaka hamsini na nane, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna. Swali la tisa, unaanika wapi usipa? Jibu: "Mchangani, mwanangu." Swali la kumi, kuna mifugo inayopita hapo? "Wengi mno." Chini kabisa umesaini, ile sahihi yako yenye mkia.

Dodoso la pili, Avelina. Mtoto wako huharisha? "Sana. Kila wiki." La tatu, Gaudiosa. Nzi? "Hatuoni hata usipa wenyewe."

Sikubuni hata neno moja. Nilitembea nyumba kwa nyumba na kalamu, nikaandika mlichoniambia. Hata mazuri niliyaandika. Mlisema choo kipo ufukweni, wote arobaini na nane, nikaandika kuwa choo kipo. Leo mradi umekuja kuwasaidia, na Dkt. Cuthbert aliyenisimamia ameuhangaikia mwaka mzima, mnageuka na kusema nimewatukana. Kazi ile ilishika nafasi ya kwanza darasani. Kwa ajili yake nimebakizwa Chuo kuwa mkufunzi msaidizi. Nilifikiri nyumbani mtajivunia.

Picha ya Ida nilipiga mimi, ni kweli. Sikujua itawekwa kwenye kalenda. Niombee msamaha kwa Avelina.

Kama mlikuwa mnasema kweli, hasira hii ni ya nini? Na kama hamkuwa mnasema kweli, niambie.

Mwanao,
Zita


Mwambani
19 Aprili 2023

Zita mwanangu,

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Leo nalia mimi.

Nilipokuuliza jina, jina nilikuwa nalijua. Nilikuwa naomba moyoni uwe umeyapata maneno yale kwa mtu mwingine, ili nipate wa kumlaumu. Umenirudishia sahihi yangu na mkia wake.

Kumbuka siku uliyofika, Februari ya mwaka jana. Ulikuwa umekonda. Ulikaa jikoni kwangu unamenya mihogo, ukasema, "Shangazi, utafiti usiokuwa na tatizo si utafiti. Msimamizi ameshanirudisha mara moja. Akinirudisha tena, sitavaa joho mwaka huu." Ukafuta machozi kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na udongo. Ulisema hivyo, au nakusingizia?

Jioni ile ilikuwa siku ya jumuiya. Tulipomaliza sala nikawaambia wenzangu, mtoto wa kaka yangu Polikarpo, wa kwanza katika Mwambani hii kufika Chuo Kikuu, anahitaji matatizo. Tusimwache arudishwe. Tukagawana, kama tunavyogawana kwenye harusi au msiba, wewe leta mahindi, wewe kuni, wewe sufuria. Mchanga tulikubaliana uwe wa wote. Huyu akachukua mbuzi, huyu nzi, huyu kuharisha. Avelina ana roho ya kutoa, akakuchangia mtoto wake. Tulikuchangia shida, Zita. Tulidhani ni mtihani wako na kila "ndiyo" yetu ni alama. Hakuna aliyetuambia kwamba ukifaulu, majibu yatarudi na nguzo za uzio.

Lakini na mimi nina neno nawe. Ulikaa siku nne, hukuteremka ziwani hata mara moja. Sawa, Februari ziwa linajaa, mvua haitoi nafasi, usipa haupo, chanja zinazoinua usipa juu ya mchanga tunazifungua. Zilikuwa zimelazwa nyuma ya nyumba yangu. Kanga yako ulianika juu yake! Uliona matete yamefungwa kwa kamba, marefu kama mlango, mafungu ishirini, na hukuuliza ni ya nini kwa sababu kwenye karatasi yako halikuwemo swali la matete.

Sasa choo, na hapa ndipo uso wangu unawaka. Choo ufukweni hakuna. Hakijawahi kuwapo. Tunakaa pale tangu jua linapochomoza, na mtu akishikwa anaingia kwenye matete, mzee kwa mtoto. Hilo ndilo tatizo letu la kweli, na ndilo tulilokuficha, kwa sababu mtu hamwambii mtoto wake jambo kama hilo, tena akaliandika. Ya uongo tukakupa, ya kweli tukaifunika.

Nenda kwa huyo Dkt. Cuthbert, mweleze hivi nilivyokueleza. Mtu msomi ataelewa.

Shangazi yako,
Serafina


Mbinga
28 Aprili 2023

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma, kisha nimeichoma. Naomba na hii uichome.

Sikuachi, Shangazi, wala sikulaumu. Nimelia sana, na kusema ukweli kuna sehemu nimecheka, hapo pa Avelina na roho ya kutoa. Lakini nisikilize. Mkataba wangu unathibitishwa mwishoni mwa Juni. Ikijulikana kwamba majibu yalipangwa, digrii yangu inashikiliwa, labda inafutwa. Si mimi tu. Dkt. Cuthbert aliipeleka kazi ile kwa wafadhili, ameisoma kwenye mikutano, imechapishwa kwenye jarida la Chuo. Baba ana shinikizo la damu, na kila Jumapili baada ya misa anawaeleza watu kuwa binti yake ni mkufunzi. Nitamwambia nini?

Nimefanya ninaloliweza. Nimezungumza na Lusekelo. Kituo kitahitaji Msimamizi wa Akina Mama, mtu anayeheshimika, na nimetaja jina lako, amekubali. Utakuwa na sare na kitambulisho. Wanawake wengine kumi watachukuliwa kwa zamu, na umesikia mwenyewe kuwa kijana ni mwema. Najua kumi si arobaini na nane, lakini mradi hauwezi kubeba kila mtu.

Naomba mkae kimya mpaka Juni iishe. Mkutano ukipitisha, upitishe. Nikishathibitishwa nitakuwa na sauti humu ndani, nitawapigania nikiwa nimesimama mahali. Sasa hivi nikifungua mdomo nitaanguka mimi na ninyi pamoja.

Mwanao akupendaye,
Zita


Mwambani
3 Mei 2023

Zita,

Umeninunua kwa sare.

Barua yako sikuichoma. Niliipeleka kwenye jumuiya nikawasomea wenzangu kuanzia shikamoo mpaka mwanao akupendaye, kwa sababu walichanga wote na wana haki ya kusikia mchango wao umefikia wapi. Nilipofika "kumi si arobaini na nane," Gaudiosa akaanza kuhesabu kwa kidole wanawake waliokaa mkekani. Gaudiosa ni mjane, ana wajukuu watatu, ana chanja mbili. Akahesabu mpaka kumi, akasimama, yeye alikuwa wa kumi na tano. Akauliza, "Mimi Zita ameniweka wapi?" Nijibu nini? Nifundishe wewe mkufunzi.

Unasema utatupigania ukiwa umesimama mahali. Mahali unaposimama ni mgongoni kwetu, na unatuomba tusitikisike.

Tumewaandikia Chuo sisi wenyewe. Mwalimu Violet ametushikia kalamu, maneno ni yetu. Tumesema tulidanganya, tukaeleza kwa nini, tukaomba waje sasa waone chanja kwa macho, na Juni warudi usipa ukianza kutoka. Wewe hatukukutaja kwa ubaya. Tumeandika tu kwamba ulikuwa umekonda.

Serafina


Chuo Kikuu cha Mtakatifu Skolastika
Kurugenzi ya Huduma kwa Jamii
10 Mei 2023

Bi. Serafina Haule na wenzako,

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: MALALAMIKO YENU KUHUSU MRADI WA UFUKWE SALAMA

Tumepokea barua yenu na kuisoma kwa uzito unaostahili. Chuo hiki ni cha Kanisa, na Kanisa ni mama, kwa hiyo nawajibu kama mama anavyowajibu wanawe.

Utafiti mnaoulalamikia ulifuata taratibu zote za kitaaluma. Ulihoji wanawake arobaini na wanane, kila mmoja akasaini kwa hiari. Ulipitishwa na jopo. Sasa mnasema mlidanganya. Naomba niulize kwa unyenyekevu: kama mlidanganya mbele ya mtafiti na mkatia sahihi, sisi tutajuaje kwamba leo ndiyo mnasema kweli? Uzoefu wetu unaonyesha kwamba jamii nyingi hupinga mabadiliko pale zinapoona mazoea yao yanaguswa, na baadaye huyashukuru.

Utafiti haufutwi kwa malalamiko. Ungeweza kuondolewa iwapo mtafiti mwenyewe angeukana, jambo ambalo Ndg. Zita Haule hajalifanya. Nilimwita jana nikamuuliza, naye amethibitisha kwangu kwamba takwimu zake ni sahihi.

Natarajia kuwaona kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na nawaombea moyo wa ushirikiano.

Wenu katika Kristo,
Dkt. Cuthbert Komba
Mkurugenzi


Mwambani
12 Mei 2023

Zita,

Nimekuwekea humu nakala ya barua ya mkubwa wako. Isome mpaka aya ya pili kutoka mwisho.

Nilizoea kusema sina mtoto niliyemzaa lakini ninaye Zita. Nilisema hivyo kisimani, kanisani, hata kwa watu nisiowajua. Umenivunja moyo na sijui nitauokota kuanzia wapi.

Mkutano ni Ijumaa ijayo.

Serafina


Mbinga
16 Mei 2023

Shikamoo Shangazi,

Sitajitetea. Aliniita, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya upole ambayo huwa anaitumia darasani, "Zita, takwimu zako ni sahihi?" Nikasema ni sahihi. Neno lilitoka lenyewe. Nilirudi ofisini nikakaa, mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Kuna kitu sijakuambia, na ni kibaya kuliko uongo wenu. Nilijua. Tangu siku ile nilipokuwa nayaingiza majibu kwenye kompyuta nilijua kuna kitu. Swali la tisa, wanawake arobaini na nane, jibu moja: "Mchangani, mwanangu." Na hilo "mwanangu" humo humo, kila dodoso, hata kwa Serina wa kwa fundi ambaye tumelingana umri. Wanawake arobaini na nane hawawezi kukubaliana hata ugali uive kwa muda gani. Nikamwonyesha Dkt. Cuthbert. Akasema tangu aanze kusimamia wanafunzi hajaona matokeo safi namna ile. Nikafurahi, Shangazi. Ningeweza kupanda basi nikarudi siku moja tu, nikauliza. Zilikuwa zimebaki wiki mbili za kukabidhi kazi. Na usipa wako nilikuwa nao chumbani kwenye ndoo, nikiutafuna nikiandika, na mchanga haukuwemo.

Kwa hiyo ninyi mlinidanganya kwa kunipenda, mimi nikakubali kudanganywa kwa kujipenda.

Leo asubuhi nimepeleka barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nimeikana kazi yangu. Nimeeleza kwamba majibu yalipangwa, kwamba nilitilia shaka nikanyamaza, kwamba sikuwahi kuuona ufukwe ukifanya kazi, na kwamba choo hakuna. Nakala nimeituma kwa mwenyekiti wenu wa kijiji, Mzee Fulgence, kwa mkono wa Alex. Ijumaa siwezi kuja. Kamati imeniita saa nne, siku hiyo hiyo ya mkutano.

Sehemu moja niliiacha wazi. Sikuandika nani aliwapanga. Mkutano utauliza, na asipopatikana mtu wa kusema, Dkt. Cuthbert atawaambia nimebuni habari hii kuwaokoa ndugu zangu. Najua wewe ni mwenyekiti wa jumuiya, najua ilikuwa baada ya sala, na najua Paroko atakuwepo. Sikuombi. Nakuarifu tu.

Baba nimemwambia. Aliuliza kama nimekula.

Zita


Mwambani
22 Mei 2023

Zita mwanangu,

Uliyoyasikia kwa Alex ni kweli, isipokuwa hilo la kwamba nilimpiga mtu. Sikumpiga mtu. Nilichukua kipaza sauti kwa nguvu kidogo.

Mzee Fulgence alisoma barua yako yote, na yeye husoma polepole, kwa hiyo Dkt. Cuthbert alipata muda wa kutosha wa kutazama viatu vyake. Alipouliza kama alivyoniandikia, tutajuaje kwamba leo ndiyo kweli, watu wakageuka kututazama. Nikasimama. Nikasema ni mimi niliyewapanga, Serafina, nyumbani kwa Bwana nikiwa nimetoka kusali. Nikasema, Daktari, wewe unauliza utajuaje, na sisi tulikuomba kwa barua uje uone, hukuja. Kutoka Mbinga mpaka hapa ni asubuhi moja. Umekuja leo kwa sababu leo unapewa ufukwe.

Kura zilipigwa kwa mikono. Wanaume niliwaogopa, kwa sababu kituo kingenunua usipa mbichi mtumbwini, mwanaume apokee mwenyewe bila kupitia kwa mke. Wapo walionyoosha, nimewaona na wake zao wamewaona. Lakini hawakufika nusu. Jumamosi vijana walirudi kung'oa nguzo. Lusekelo aling'oa na wenzake. Alipomaliza alikuja kuniaga, na kwa mara ya kwanza akaniuliza chanja inafungwaje. Nilimwonyesha, hasira yangu si kwake.

Uenyekiti wa jumuiya nimeuacha kabla Paroko hajaniomba. Avelina hasemi nami, kwa sababu nilipoeleza nilimtaja kuwa alikuchangia mtoto, na sasa mama mkwe wake anamwambia amemwitia mwanawe maradhi. Ana haki. Nampelekea kuni kila siku mbili, anazipokea, ananifungia mlango. Nitaendelea kupeleka.

Kamati ilikuambia nini?

Shangazi yako,
Serafina


Mbinga
19 Juni 2023

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu walichelewa kuniambia.

Digrii imeshikiliwa. Ukufunzi umekwisha, funguo nilirudisha Ijumaa. Wamenipa mwaka mmoja nifanye utafiti upya kwa msimamizi mwingine, dada mmoja anaitwa Dkt. Sekela, anaonekana mkali. Hapo sina malalamiko, nilistahili. Nalala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Kuna mawili yaliyonitia hasira, na nakuandikia kama yalivyo. La kwanza, nilipoomba nirudie hapo Mwambani, kwa kuwa sasa ninajua mahali pa kutazama, kamati ilikataa kwa maandishi. Imeandikwa, "Wakazi wa Mwambani wameonekana kutokuwa waaminifu, hivyo eneo hilo halifai kwa utafiti wowote wa Chuo hiki." Shangazi, yamekaa kwenye faili na muhuri. Mwanamke aliyesimama mbele ya kijiji kizima na Paroko wake akasema "ni mimi" ndiye asiye mwaminifu. Dkt. Cuthbert aliyeona majibu arobaini na nane yanayofanana akayaita safi hajaandikiwa hata mstari. Niliwaambia hivyo hivyo. Wakaniambia niandike mada nyingine.

La pili, mradi haukufa. Unahamia ufukwe wa kijiji kinachofuata. Wamempa mwanafunzi wa mwaka wa tatu akafanye utafiti, na ameshapewa madodoso. Nimeyaona. Ni yale yale yangu, wamebadilisha jina la kijiji.

Mimi nitakwenda Ukata, kwa wakulima wa mahindi, naondoka wiki ijayo. Ninaogopa. Sijui nitaanzaje kumuuliza mtu kitu.

Zita


Mwambani
27 Juni 2023

Zita mwanangu,

Kuhusu faili, nimewasomea wenzangu. Wengine walikasirika, Gaudiosa akasema, "Afadhali, tangu nikiwa msichana naulizwa na watu wenye kalamu, sasa nitaanika kwa raha." Mimi bado nimekasirika. Nataka ufahamu hivyo. Uaminifu wangu hauwekwi muhuri na mtu ambaye hakuteremka ziwani.

Hilo la kijiji cha pili tumelishughulikia. Jumapili tulikwenda wanawake tisa kwa mtumbwi wa mume wa Avelina, na Avelina akapanda na Ida. Hakusema nami njiani, lakini alikaa upande wangu. Tuliwakuta wanawake wa kule wameshajipanga kumpokea mtafiti, wameshagawana, huyu nzi, huyu kuharisha. Ukweli mtupu, Zita, sitanii. Yule mtafiti ni mkwe wao, amewaambia amekonda kwa mawazo. Avelina ndiye aliyezungumza. Aliwatolea ile kalenda, akafungua Julai, akawaonyesha Ida, kisha akamwinua Ida mwenyewe alivyo mnene. Tukawaambia wamwambie binti yao kila kitu kilivyo, na choo waanze nacho.

Usipa umeanza kutoka. Chanja zangu zote zimejaa, na ufukweni tunachimba shimo la choo wenyewe, tumefika kiunoni.

Sasa nenda Ukata. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimepona kati yetu, moyo wangu una mahali ambapo bado ukipagusa nashtuka. Lakini wewe ni mtoto wangu na nitakufundisha kitu kimoja ambacho Chuo hakikijui, kwa sababu mimi nilikaa upande wa pili wa kalamu yako.

Huko utakuta shangazi wa mtu mwingine. Atakukaribisha, atakupa kiti, atakumenyea mhogo. Kisha, kabla hajajibu swali lako la kwanza, atakutazama usoni aone unataka nini. Usimwonyeshe.

Shangazi yako,
Serafina